Grafini isiyo na kaboni, na ugomvi wa elektroni zake

Darasani huwa naanza na mafiga. Nachora duara moja ubaoni, nalizungushia mengine matatu kwa nafasi sawa, kama mawe yanavyouzunguka moto jikoni. Kila moja kati ya hayo matatu nalo nalipa majirani watatu, na majirani wa majirani vivyo hivyo, na kabla dakika mbili hazijaisha ubao mzima umegeuka sega la nyuki. Weka atomu ya kaboni mahali pa kila duara, acha nanomita 0.142 kati ya jirani na jirani, na umepata grafini: karatasi yenye unene wa atomu moja, ambayo tabaka zake nyingi zikilaliana zinakuwa grafiti tunayoandikia kwa penseli.

Je, ukiondoa kaboni ukaacha sega, nini kinabaki? Tangu mwaka 2009 wapo watu wanaolijibu swali hili kwa vitendo. Wanajenga sega lile lile kwa nukta za kwanta, yaani vishimo vidogo vya kunasia elektroni vilivyotengenezwa ndani ya nusu-kipitishi, na matokeo yake wanayaita grafini bandia. Neno hilo limeiponza kazi yao. Msomaji akisikia "bandia" anawaza noti bandia na dawa bandia, kitu duni kinachojifanya bora. Mimi naona kazi hii haijifanyi kitu chochote, na hata wanaoisifia kwa sababu inafanana na grafini wanaisifia kwa jambo dogo kuliko yote iliyo nayo.

Turudi kwanza kwenye kaboni. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliitenga grafini mwaka 2004 kwa kubandua grafiti kwa utepe wa gundi, tena na tena, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kilichowavuta wanafizikia ni mwenendo wa elektroni zake. Katika nusu-kipitishi cha kawaida nishati ya elektroni hupanda kwa mraba wa momenta yake, yaani kiasi cha mwendo wake, kama ilivyo kwa jiwe lililorushwa. Ndani ya grafini hupanda kwa mstari ulionyooka, kama ilivyo kwa mwanga. Ukiichora nishati hiyo unapata koni mbili zilizogusana kwa ncha, moja imesimama na nyingine imepinduliwa. Ndizo koni za Dirac, kwa jina la Mwingereza Paul Dirac, ambaye mlinganyo wake wa mwaka 1928 unaueleza mwendo wa aina hii. Elektroni zilizo karibu na ncha zinakwenda kana kwamba hazina tungamo, kwa kasi ya takriban mita milioni moja kwa sekunde, yaani moja ya mia tatu ya kasi ya mwanga.

Koni hizo zilijulikana kwenye karatasi miaka 57 kabla ya utepe wa Manchester. Philip Wallace, mwanafizikia wa Kanada, alizihesabu mwaka 1947 alipokuwa akichunguza grafiti, ambayo wakati huo ilitumika ndani ya vinu vya nyuklia. Kiini cha hesabu yake kinaenea nusu ya ubao. Elektroni iliyo kwenye duara la katikati inaweza kuruka kwenda kwa jirani yeyote kati ya watatu. Kwa kuwa elektroni ni wimbi, kila mruko una mshale wake, na mwelekeo wa mshale unategemea momenta. Jumlisha mishale mitatu. Kwa momenta nyingi jumla yake si sifuri, na kanda mbili za nishati, yaani zile koni ya juu na ya chini, zinaachana. Lakini ipo momenta ambayo mishale hiyo inapishana kwa nyuzi 120: wa kwanza unakupeleka mbele, wa pili unakukunja, wa tatu unakurudisha ulipoanzia. Pembetatu imefunga, jumla ni sifuri, na kanda mbili zinagusana. Kwa pembe hizo mishale miwili isingekurudisha, kama mafiga mawili yasivyoinjika chungu.

Siku moja mwanafunzi aliukodolea macho ubao huo, kisha akauliza: "Mwalimu, mbona kaboni haimo?" Haimo kweli. Imo namba moja tu inayoiwakilisha, nishati ya mruko, ambayo kwa kaboni ni kama elektronivolti 2.7 (elektronivolti ni kipimo cha nishati kwa vitu vidogo kama elektroni). Ibadili namba hiyo na koni itachongoka zaidi au italala zaidi, lakini haitatoweka, maadamu majirani ni watatu na mafiga yamekaa sawasawa.

Mwaka 2009 Cheol-Hwan Park na Steven Louie wa Berkeley, Marekani, walichapisha hesabu zilizosema hivyo bayana kuhusu elektroni za nusu-kipitishi. Mwaka huo huo kundi la Pisa, Italia, wakiwamo Marco Polini na Vittorio Pellegrini, lilikuja na hesabu zake pamoja na mpango wa kulijenga sega hilo ndani ya galiamu asenidi, nusu-kipitishi cha galiamu na aseniki. Fuwele ya galiamu asenidi hukuzwa tabaka juu ya tabaka ndani ya ombwe, kwa namna ambayo elektroni zinabanwa kwenye tabaka moja jembamba, zisiweze kupanda wala kushuka, zibaki na kushoto, kulia, mbele na nyuma tu. Juu yake unapaka utando mwepesi, unachora sega kwa mwale wa elektroni, kisha unachonga kwa ioni. Palipobaki kinguzo, elektroni zilizo chini yake zinapata bonde la kutulia. Palipochongwa zinakuta kilima. Kila bonde ni nukta ya kwanta, na kwa elektroni ni atomu, ingawa haina kiini.

Msomaji aliyefuatilia Nobel ya kemia ya 2023, waliyopewa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov, anazijua nukta za kwanta kama chembe zinazotoa rangi kwenye skrini za televisheni. Wazo la kuibana elektroni mahali padogo ni lile lile. Hapa nukta zinachongwa moja baada ya nyingine mahali ulipopanga mwenyewe, badala ya kupikwa kwenye chupa ya maabara.

Sasa inakuja hesabu iliyowatesa watu hawa kwa miaka. Nishati ya mwendo wa elektroni iliyobanwa hupungua kwa mraba wa nafasi unayoiachia. Atomu za kaboni zimekaribiana mno, ndiyo maana nishati yao ya mruko ni takriban mara 100 ya nishati ya joto la chumbani, ambayo ni milielektronivolti 26. Kwa sababu hiyo grafini inaionyesha tabia yake hata juu ya meza, Januari, bila feni. Galiamu asenidi ina msaada wake: ndani yake elektroni inakwenda kana kwamba tungamo lake ni 0.067 tu ya lile la elektroni huru, na wepesi huo unapandisha nishati. Hata hivyo, ukipanga nukta kwa nafasi ya nanomita 130, kiwango cha nishati kinachotawala mwendo kinashuka hadi kama milielektronivolti 0.07. Hiyo ni sawa na joto la kelvini 0.8, chini ya nyuzi moja juu ya sifuri kamili. Zisogeze hadi nanomita 50 na kiwango kinapanda karibu mara saba, kikawa milielektronivolti 0.45 hivi. Bado ni kidogo, bado unahitaji heli ya kimiminika, lakini sasa kuna kitu cha kupima.

Historia ya majaribio imefuata hesabu hii hatua kwa hatua. Mwaka 2011 kundi la Pellegrini na wenzake lilichapisha katika jarida la Science matokeo ya sampuli yenye nafasi ya takriban nanomita 130. Koni haikuwa habari yao. Walichokiona, kwa kumulika sampuli na kupima nuru iliyotawanyika, ni dalili za elektroni kusukumana ndani ya sega. Mwaka 2018 kundi la Aron Pinczuk wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, pamoja na wenzao wa Princeton, Purdue na Italia, waliishusha nafasi hadi nanomita 50, na safari hii nuru iliyotawanyika ilibeba alama za kanda za Dirac zenyewe. Miaka tisa ilipita kati ya hesabu na ushahidi huo, na sehemu kubwa ya miaka hiyo iliishia kwenye kazi isiyoandikwa magazetini: kuchonga vinguzo vidogo zaidi bila kuiumiza fuwele iliyo chini yake.

Kuchonga kuna adui mwingine. Atomu mbili za kaboni ya aina moja hazitofautiani kwa lolote. Maumbile yamezipima mara moja na yakamaliza. Nukta mbili zilizochongwa hutofautiana daima. Kwa kuwa nishati inafuata kinyume cha mraba wa upana, ukikosea upana kwa asilimia 5 nishati ya nukta hiyo inakosea kwa asilimia 10. Na elektroni hairuki kwenda kwa jirani kwa nishati yake yote. Inapenya kilima, na nishati ya mruko ni sehemu ndogo tu ya nishati ya kukaa ndani ya bonde. Kosa la asilimia 10 kwenye mabonde linaweza kuizidi nishati ya mruko yote, na hapo elektroni inanasa kwenye bonde lililo chini kidogo kuliko mengine, sega likabaki picha tu kwenye darubini. Ukiona sampuli inayopendeza kwa macho, usikubali upesi kwamba elektroni nazo zimeliona sega hilo.

Basi tuseme yote yamefanikiwa, koni imeonekana, mishale mitatu imefunga pembetatu ndani ya galiamu asenidi kama ilivyofunga ndani ya kaboni. Tumejifunza nini? Nitasema bila kuzunguka: machache. Wallace aliyajua hayo mwaka 1947 kwa kalamu. Kuthibitisha kwamba jiometri ya sega inazaa koni ni kazi ya heshima, na walioifanya wanastahili pongezi zote, lakini huko ni kuhakikisha kwamba chombo kinafanya kazi. Chombo kikishafanya kazi, lazima kiulizwe jambo ambalo kalamu haiwezi kulijibu. Na jambo hilo, kwa maoni yangu, ni ugomvi wa elektroni.

Nafasi kati ya nukta ikiongezeka mara mbili, nishati ya mwendo inapungua mara nne. Lakini msukumano wa chaji mbili zinazofanana unapungua mara mbili tu. Kwa hiyo kila unapolitanua sega, ugomvi unapata nguvu dhidi ya mwendo. Kwa makadirio ya haraka ndani ya galiamu asenidi, bila bamba la metali karibu la kuupoza msukumano, kwenye nanomita 50 elektroni mbili za mabonde jirani zinasukumana kwa nishati ya kama mara tano ya kiwango cha mwendo. Kwenye nanomita 130 ni kama mara 13. Kaboni haina nafasi ya kuchezea namna hii. Umbali wa 0.142 umewekwa na kemia, na hata ukiivuta karatasi kwa nguvu zote itachanika kabla uwiano huo haujabadilika vya kutosha. Sega la nukta lina usukani ambao grafini asilia imenyimwa.

Ndiyo maana nasikitika ninaposoma kwamba sampuli za nafasi kubwa "zilishindwa" na za nafasi ndogo "zikafaulu". Zilikuwa zinaangalia pande mbili za kitu kimoja. Ile ya 2011 ilisimama upande wa ugomvi, ile ya 2018 upande wa koni, na katikati yao kuna mpaka ambao wananadharia wanaujua kwa jina na kwa namba. Mwaka 1963 Mwingereza John Hubbard alitoa modeli yenye namba mbili: nishati ya mruko, na gharama ya elektroni mbili kukaa bonde moja. Gawa gharama kwa mruko. Katika sega lenye elektroni moja kwa kila bonde, hesabu za kompyuta zinaonyesha kwamba uwiano ukifika kama 3.8 elektroni zinaacha kutembea. Kila moja inajifungia kwenye bonde lake, spini za majirani, yaani usumaku mdogo ambao kila elektroni inao, zinaelekea kinyume, na karatasi iliyokuwa ikipitisha umeme inakuwa kihami. Grafini asilia haijafika huko, nasi tunajua kwa sababu inapitisha umeme.

Namba hiyo 3.8 tunaiamini kwa sababu sega lenye elektroni moja kwa kila bonde lina ulinganifu unaoiwezesha kompyuta kulihesabu bila kuyumba. Toa elektroni chache tu, mabonde kadhaa yabaki matupu, na ulinganifu unavunjika. Hesabu zinajaa tarakimu chanya na hasi zinazofutana, na muda wa kompyuta unaohitajika unapanda kwa kasi isiyovumilika kadiri joto linavyoshuka na sampuli inavyokua. Hapo ndipo penye maswali makubwa ya elimu ya maada, kuanzia sumaku za ajabu hadi upitishaji umeme usio na ukinzani wowote. Sega la nukta halihitaji kuhesabu kitu. Unalipoza, unabadili volti ya bamba lililo juu yake, elektroni zinapungua, unapima.

Wapo watakaosema mbio hizi zimekwisha, na hoja yao ni nzito. Mwaka huo huo wa 2018 kundi la Pablo Jarillo-Herrero wa MIT lililaza karatasi mbili za grafini asilia, moja imezungushwa kwa nyuzi 1.1 juu ya nyingine, na mapishano ya masega mawili yakazaa ruwaza kubwa yenye nafasi ya nanomita 13 hivi. Ndani yake walikuta kihami, na walipobadili idadi ya elektroni wakakuta upitishaji usio na ukinzani chini ya kelvini 1.7. Hakuna kuchonga, hakuna vinguzo, atomu zote ni safi. Niliposoma matokeo yale nilisimama kwanza, kwa sababu ndicho hasa watu wa nukta walichokuwa wakikitafuta, kimepatikana kwa mlango mwingine.

Lakini mlango huo unafunguka upande mmoja tu. Ruwaza ya kuzungusha inakupa umbo ambalo fuwele mbili zimekubaliana, nawe huna sauti. Ukitaka sega, na kesho nyota za ukili uliosukwa, na keshokutwa miraba yenye tundu katikati, ruwaza hiyo haitakusikiliza. Anayechora kwa mwale wa elektroni anachagua. Huko Stanford, mwaka 2012, kundi la Hari Manoharan lilionyesha uhuru huo unafika wapi: walipanga molekuli za monoksidi ya kaboni moja moja juu ya shaba kwa ncha ya darubini, kwa mpangilio wa pembetatu, na kwa kuwa molekuli hizo zinazifukuza elektroni, elektroni zikabaki kwenye mapengo, na mapengo yakawa sega. Kisha wakalipinda sega makusudi, na elektroni zikajiendesha kana kwamba zimo ndani ya uga wa sumaku wa makumi ya tesla, ilhali sumaku haikuwapo. Uzuri wake hauna mfano. Ila linaishi juu ya metali, ambayo nayo ina elektroni zake tele, kwa hiyo huwezi kulipitishia umeme ukasema huu ni wa sega peke yake. Njia ya Utrecht, Uholanzi, ambako kundi la Daniel Vanmaekelbergh lilionyesha mwaka 2014 kwamba fuwele ndogo za risasi selenidi hujiunganisha zenyewe kuwa sega, ina ahadi nyingine. Nafasi za nanomita chache zingepandisha nishati hadi makumi ya milielektronivolti, jirani na joto la chumbani. Viungo vya fuwele na fuwele bado havilingani inavyotakiwa, na nimeshaeleza kasoro ndogo inagharimu nini.

Kuna faida moja ya ukubwa wa nukta ambayo sitaki kuiruka. Mwaka 1976 Douglas Hofstadter alichora kanda za nishati za elektroni zilizo kwenye fuwele na sumaku kwa pamoja, zikatokea na umbo la kipepeo. Kukiona kipepeo chote kunataka kwanta moja ya mtiririko wa sumaku, yaani kipande chake kidogo cha msingi, ipite kwenye kila chumba cha fuwele, yaani kila kijisehemu kinachojirudia. Chumba cha grafini ni kidogo kiasi kwamba ungehitaji uga wa tesla 79,000 hivi. Sumaku zenye nguvu kuliko zote zinazoweza kuwashwa mfululizo hufika tesla 45 au zaidi kidogo. Kwa sega la nanomita 50 tesla mbili zinatosha, na mashine nyingi za MRI za hospitali ni za tesla 1.5 au 3. Nakiri kipepeo kilionekana mwaka 2013 katika grafini iliyolazwa juu ya boroni nitridi, kwa ujanja wa mapishano niliokwisha kuueleza. Kukiona katika umbo ulilolichagua mwenyewe, pamoja na ugomvi uliouchagua mwenyewe, ni jambo jingine.

Wasomaji wangu wengi wako Afrika Mashariki, na najua swali linalowajia: sisi tunaingia wapi, ikiwa mwale mmoja wa kuchorea unagharimu kuliko maabara zetu nyingi? Tunaingia kwa ule nusu ubao wa Wallace. Kanda za sega lisilo na ugomvi mwanafunzi anazihesabu kwa kompyuta mpakato kwa mistari thelathini ya programu. Akiongeza kasoro za upana, anaona kwa macho yake koni inavyofifia. Kazi ya namna hii ina mizizi hapa kwetu: shule ya Afrika ya mbinu za kuhesabu muundo wa elektroni ilifanyika Eldoret mwaka 2012, na tangu 2018 Kigali ina taasisi ya utafiti wa msingi wa fizikia ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, iliyounganishwa na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia. Wanaochonga wanahitaji watu wa kuwaambia kasoro kiasi gani inavumilika kabla hawajapoteza mwaka mzima kwenye sampuli, na jibu hilo halihitaji chumba kisicho na vumbi.

Ninachokisubiri mimi ni kipimo kimoja, kwenye sampuli moja. Sega la galiamu asenidi, bamba la metali karibu ili msukumano wa mbali upoe na ubaki ule wa ndani ya bonde, elektroni moja kwa kila nukta. Ipozwe. Vilima vishushwe kwa volti, koni ionekane na umeme upite. Vilima vipandishwe polepole mpaka umeme ukome, na uwiano usomwe pale ulipokoma. Ukisomeka karibu na 3.8, tutajua mizani hii ni ya kuaminika, kama muuza duka anavyoijaribu kwa jiwe la kilo analolijua. Halafu zitolewe elektroni chache, tuseme moja katika kila kumi, na umeme upimwe tena.